Kumchagulia Mhusika Wako Mungu katika Dungeons & Dragons: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wa kubuni na dadu huamua matokeo. Majibu haya yanafuata toleo lake la tano, yaani kanuni za 2014 na zile zilizorekebishwa 2024. Mifano mingi inatoka Forgotten Realms, ulimwengu alioubuni Ed Greenwood na ambao kampuni ya TSR iliutoa kama mazingira ya mchezo mwaka 1987. Bara linalochezewa zaidi humo ni Faerûn. Humu ndani "mungu" kwa herufi ndogo ni mhusika wa kubuni. Tendo moja la uchawi tunaliita speli, na anayeendesha mchezo tunamwita mwongozaji, yule ambaye mezani wengi humwita DM.

Je, lazima mhusika wangu awe na mungu?

Kwa kanuni, kuhani ndiye anayehitaji chanzo cha nguvu zake kijulikane. Paladini (shujaa mtakatifu) wa toleo la tano anapata nguvu kutokana na kiapo. Anaweza kumtumikia mungu, lakini halazimiki. Warloki ni mchawi mwenye mkataba na kiumbe fulani, na mkataba si ibada. Mpiganaji na mwizi hawadaiwi chochote.

Lakini Faerûn watu wa kawaida hawana mungu mmoja tu. Baharia humtupia Umberlee, mungu wa bahari, sarafu kabla ya kung'oa nanga. Hampendi hata kidogo, anamwogopa. Baharia huyohuyo akifika sokoni atamtaja Waukeen, mungu wa biashara, na nyumbani mama yake atakuwa anamshukuru Chauntea kwa mavuno. Kwa hiyo hata kama mhusika wako ni mwizi, andika jina la mungu anayemtaja akishikwa na hofu. Ni neno moja tu kwenye karatasi, na mwongozaji ataweza kulifanyia kazi.

Nianze na mungu au nianze na nyanja?

Nyanja, yaani eneo la utaalamu analolichagua kuhani, ndiyo inayokupa nguvu: speli za ziada, dirii, uwezo wa pekee. Mungu hakuongezei hata pointi moja kwenye dadu. Makuhani wawili wa nyanja ya Uhai, mmoja wa Lathander na mwingine wa Ilmater, wana namba zilezile kabisa. Wanachotofautiana ni kile wanachodaiwa.

Ndiyo maana tunashauri uchague nyanja kwa kuangalia unachotaka kufanya vitani, kisha mungu kwa kuangalia unachotaka kufanya vita vikiisha. Wengi hukosea hapa: wanamchagua mungu kwa kuwa jina lake linavutia au alama yake ni nzuri, halafu kuanzia kikao cha tatu hawamtaji tena.

Toleo lako lina maana pia. Katika kanuni za 2014 kuhani anachagua nyanja akiwa levo (ngazi) ya 1, hivyo maamuzi yote mawili yanafanyika siku ya kwanza. Katika zile za 2024 nyanja inakuja levo ya 3. Levo ya 1 unachagua tu wajibu: ama mlinzi, anayepata dirii nzito na silaha za kivita, ama mtenda miujiza, anayepata kantripi (speli ndogo isiyokwisha) moja zaidi na ujuzi zaidi wa mambo ya uchawi na dini. Tumia levo hizo mbili za mwanzo kumjua mungu wako kabla ya kujifunga.

Hizo nyanja zinafanya nini hasa?

Kitabu cha mchezaji cha 2014 kina saba: Uhai, Nuru, Vita, Dhoruba, Hila, Maarifa na Maumbile. Cha 2024 kimebakisha nne: Uhai, Nuru, Vita na Hila. Nyingine zimetawanyika katika vitabu vya pembeni. Kaburi na Uhunzi, kwa mfano, zimo kwenye kitabu cha nyongeza cha 2017.

Uhai ni ya kuponya. Speli yoyote ya kuponya ya levo ya 1 au zaidi inaongeza pointi 2 za uhai pamoja na levo ya speli yenyewe. Kuhani wa levo ya 1 mwenye Busara 16 (inayompa nyongeza ya 3), kwa kanuni za 2014, anaponya dadu moja ya pande 8 kuongeza 3. Wa Uhai anaponya dadu hiyohiyo kuongeza 6. Mwenzako aliyelala chini na pointi sifuri ataiona tofauti hiyo.

Nuru ni moto. Kuhani wake akifika levo ya 5 anapata speli ya mpira wa moto, kitu ambacho makuhani wengine hawana. Dhoruba inakupa dirii nzito, na kuanzia levo ya 2 unaweza kuamua kwamba dadu za radi au ngurumo zisirushwe, zihesabiwe kwa kiwango cha juu kabisa. Speli ya dadu tatu za pande 8 inakuwa 24 bila ubishi. Vita inakupa pigo la ziada mara chache kwa siku. Hila ni ya kujificha na kudanganya macho. Maarifa inakupa lugha mbili na ujuzi wa aina mbili unaouzidisha mara mbili. Ni nyanja nzuri sana kwenye meza inayopenda upelelezi, na haina msaada mkubwa kwenye meza inayopenda mapango na mapigano.

Miungu ya Faerûn ni mingi mno. Nianzie wapi?

Kwa mara ya kwanza, anza na hawa. Si kwamba ndio wakubwa zaidi, ila madai yao yanaeleweka haraka na yanachezeka.

Lathander ni mungu wa alfajiri, uzazi na kuanza upya. Alama yake ni barabara inayoelekea jua linapochomoza. Kuhani wake anaamka kabla ya wenzake, na ana la kumwambia kila aliyekata tamaa. Uhai au Nuru.

Ilmater ni mungu wa uvumilivu, anayebeba maumivu ya wengine. Alama yake ni mikono miwili iliyofungwa kamba nyekundu vifundoni. Huyu tunampenda kwa sababu anamlazimisha mchezaji kuwajali watu wadogo wa hadithi: mateka, mgonjwa, mfungwa, adui aliyejeruhiwa.

Kelemvor anahukumu wafu, na aliwahi kuwa binadamu kabla ya kuwa mungu. Alama yake ni mkono wa mifupa ulioshika mizani. Anachukia wafu wanaotembezwa kwa uchawi, kwa hiyo ukimchagua kwenye kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) yenye mizuka, kila pango litakuhusu. Katika vitabu vya 2014 nyanja yake ni Mauti, iliyowekwa kwenye kitabu cha mwongozaji kwa ajili ya waovu zaidi. Mwombe mwongozaji akuruhusu kutumia Kaburi, inamfaa kuliko zote.

Tymora ni bahati njema, na alama yake ni sarafu iliyolala kichwa juu. Kuhani wake anawahimiza watu wathubutu. Angalia tu usimfanye kisingizio cha kurukia kila mtego.

Helm ni mlinzi, jicho kwenye glavu ya chuma. Torm ni ushujaa na kujitoa mhanga. Tyr ni haki. Hawa watatu wanafanana machoni pa mgeni, na njia ya kuwatenganisha ni kujiuliza kuhani anafanya nini mlango ukivunjwa usiku: wa Helm tayari yuko macho, wa Torm anatangulia kutoka nje, wa Tyr anataka kujua kwanza nani mwenye makosa.

Ukitaka msitu, yuko Mielikki, na Silvanus aliye mkali zaidi. Ukitaka vitabu, Oghma. Ukitaka mwezi na wasafiri wa usiku, Selûne.

Nimeshamchagua. Nitafanyaje asiwe jina tu kwenye karatasi?

Mpe miiko. Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote humu, na kitabu cha kanuni hakikusaidii sana.

Andika mistari mitatu, si zaidi. Wa kwanza ni jambo ambalo mhusika analifanya karibu kila kikao. Wa pili ni jambo asilolifanya. Wa tatu ni ugomvi wake na mungu wake, kitu anachoamini nusu au kinachomuuma. Mfano wa kuhani wa Ilmater:

Hali chakula kabla majeruhi hawajala.
Hampigi aliyesalimu amri, wala haachi mateka ateswe mbele yake.
Kaka yake alivumilia hadi akafa. Hajui bado kama ule ulikuwa uvumilivu au woga.

Mstari wa kwanza unakupa cha kusema hata kikao kikiwa kimepoa. Wa pili unaleta mgongano. Wa tatu ni zawadi kwa mwongozaji, maana hapo ana mzimu wa kaka, ana kasisi mzee mwenye jibu asilotaka kulisikia, ana adui anayeujua udhaifu wako.

Mwiko hukosewa kwa namna mbili. Ukiwa mpana mno, kama "sisemi uongo kamwe", unaua kila mpango wa kundi: mwizi anawadanganya walinzi langoni, na wewe unafungua mdomo. Ukiwa mwembamba mno, kama "sili nyama ya bata", kampeni itaisha bata hajaonekana. Kipimo chetu ni kwamba mwiko ujitokeze walau mara moja katika vikao viwili, na umgharimu aliyeuchukua kabla ya kuwagharimu wenzake. Kuhani anayekataa mateka ateswe hatakiwi kuishia kwenye kukataa tu. Ajitolee kumhoji yeye mwenyewe usiku kucha, au ampe chakula chake. Hapo mwiko umemgharimu yeye, na kundi limepata habari linayoitaka.

Msimamo wa mungu na wa mhusika lazima ulingane?

Hapana. Vitabu vinampa kila mungu msimamo, mwema au mwovu, wa sheria au wa uhuru. Kanuni za toleo la tano hazikulazimishi kulingana naye. Ukiwa hatua moja mbali, mambo huenda vizuri: kuhani mwema asiyejali sheria anaweza kumtumikia Tyr, na atakuwa anagombana na hekalu lake kila mara. Mkipishana kabisa, inabidi uwe na sababu utakayoieleza kwa sentensi moja. Ukihitaji aya nzima, badili mungu.

Alama takatifu inafanyaje kazi? Kwa nini mwongozaji ananiambia sina mkono?

Alama takatifu inagharimu vipande 5 vya dhahabu na inashika nafasi ya vile vitu vidogo ambavyo speli inavihitaji. Haishiki nafasi ya kitu chenye bei. Kumfufua mwenzako aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita kunahitaji almasi za dhahabu 300, na zinateketea. Nunueni mapema.

Unaweza kuivaa shingoni, kuishika, au kuichora kwenye ngao. Makuhani wengi huichora kwenye ngao, na tatizo linaanzia hapo. Tuseme una ngao mkono wa kushoto na rungu mkono wa kulia, na mwenzako ameanguka. Speli ya kuponya majeraha inahitaji sauti na ishara ya mkono, lakini haihitaji kitu. Kanuni inasema mkono ulioshika alama unaweza kufanya ishara pale tu speli inapohitaji kitu pia. Hii haihitaji. Kwa hiyo ngao haikusaidii, na mkono wa pili umeshika rungu. Huna mkono.

Suluhisho ni tatu. Liweke rungu kiunoni katika zamu hiyo, ukikubali kubaki bila silaha mpaka utakapolichomoa tena. Au tumia speli ya neno la uponyaji, inayotaka sauti peke yake na inayofika hata mbali. Au, ukipata nafasi ya kuchagua kipaji, chukua kile cha mpiganaji mchawi kinachokuruhusu kufanya ishara mikono ikiwa imejaa. Meza nyingi hazilifuatilii jambo hili. Ulizeni siku ya kwanza, msije mkabishana mwenzenu akiwa anakata roho.

Mungu wangu anaweza kuninyang'anya nguvu?

Katika kanuni za toleo la tano hakuna utaratibu wa kumvua kuhani nguvu zake akikosea. Mwongozaji akiamua kufanya hivyo ni uamuzi wake, na tunamsihi asiufanye bila kuzungumza nawe nje ya mchezo. Mchezaji aliyenyang'anywa speli zote anabaki kuangalia wenzake wakicheza. Yapo mengine yanayouma bila kumfungia nje: ndoto, ukimya wakati wa maombi, alama inayopata kutu, kuhani mkuu anayekuja na maswali.

Na nikimwomba aingilie kati, atakuja?

Kuanzia levo ya 10. Kwa kanuni za 2014 unarusha dadu za asilimia. Ukipata namba iliyo sawa na levo yako au chini yake, anaitika kwa namna mwongozaji anavyoona inafaa. Levo ya 10 ni asilimia 10 tu. Akiitika, unasubiri siku 7 kabla ya kuomba tena. Akikaa kimya, unaweza kuomba tena baada ya mapumziko marefu, na ukifika levo ya 20 hakuna haja ya dadu. Kanuni za 2024 zimeondoa bahati nasibu hiyo: unachagua speli yoyote ya kuhani ya levo ya 5 au chini isiyo ya kujibu mapigo, na inatokea bila gharama ya vitu. Hii ya pili inatumika kweli mezani. Ile ya kwanza watu waliisahau.

Naweza kumtumikia mungu mwovu?

Bane, Bhaal, Shar na wengineo wamo vitabuni, na mwongozaji anaweza kukubali. Kabla ya kuomba, jibu hili: kwa nini wenzako wasafiri na mtu huyu? Kama jibu ni "hawajui", ujue watakuja kujua, na siku hiyo kundi litavunjika au utamtupa mhusika. Kuhani wa Umberlee anayelinda jahazi kwa woga anaweza kudumu na kundi. Kuhani wa Bhaal, mungu wa mauaji, hadumu.

Wachezaji wawili tumechagua miungu maadui. Tufanyeje?

Selûne na Shar ni mapacha wanaochukiana tangu mwanzo wa ulimwengu ule, na Tymora na Beshaba ni ndugu, bahati njema na mkosi. Jozi kama hizi zinaleta hadithi tamu iwapo wachezaji wote wawili wamekubaliana kabla. Kaeni dakika 10 muandike kitu kimoja ambacho wahusika wote wawili wanakitaka zaidi ya kushindana. Mkikosa, mmoja abadili.

Vitabu na kurasa za mtandaoni zinapingana. Nani mkweli?

Zote, kila moja kwa enzi yake. Historia ya Faerûn inasogea na matoleo. Kiti cha mungu wa mauti kilikuwa cha Myrkul, kikashikwa na Cyric, kisha Kelemvor. Katika kitabu cha mazingira cha 2008 Helm alishauawa na Tyr, na Lathander hayupo, nafasi yake ikiwa imechukuliwa na Amaunator. Kwenye toleo la tano wote wamerudi. Muulize mwongozaji mchezo wenu uko mwaka gani wa kalenda ya Faerûn, halafu soma ya enzi hiyo tu.

Mimi ni Mwislamu, au Mkristo. Kucheza kuhani wa mungu wa kubuni kuna shida?

Swali hili lina heshima yake na meza haipaswi kulicheka. Mchezaji haombi, anasema "kuhani wangu anaomba" na kurusha dadu. Hata hivyo dhamiri ni ya mtu mwenyewe, na mwenye mashaka amuulize anayemwamini katika dini yake. Hofu hii si ya kwetu peke yetu. Marekani miaka ya 1980 ilileta kelele kubwa, kikaanzishwa hata kikundi cha kuupinga mchezo, BADD, mwaka 1983. Toleo la pili, la 1989, liliacha kuwaita mashetani wa mchezo kwa jina hilo na kuwatungia majina mengine.

Kwa vitendo: zungumza kwa nafsi ya tatu, usitunge maneno ya sala, usiige swala wala sakramenti, na kama hata hilo linakukwaza, chukua paladini mwenye kiapo au kuhani anayetumikia wazo kama haki. Kitabu cha mwongozaji kinaruhusu.

Sina hela ya kitabu. Nitapata wapi?

Hati ya kanuni za msingi, SRD 5.1, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na inapakuliwa bure kihalali. Kwa kuhani ina nyanja ya Uhai tu. Miungu ya Faerûn haimo, lakini mna orodha za miungu ya kale ya Misri, Wagiriki, Waselti na Wanorsi pamoja na nyanja zao. Inatosha kuanza.

Naweza kubuni mungu wangu mwenyewe?

Unaweza, mwongozaji akikubali. Mungu wa kubuni anahitaji jina, jambo analotawala, nyanja moja au mbili, alama inayochorwa kwa mistari mitano, mwiko mmoja, mpinzani mmoja, na watu wanaomwomba kila siku kwa shida za kawaida. Hawa wa mwisho husahaulika, na bila wao hekalu halina mtu.

Chukua mfano wa pwani. Mwenye Tanga, mungu wa pepo mbili: kaskazi inayovuma takribani Desemba hadi Machi, na kusi ya Aprili hadi Oktoba hivi. Nyanja ni Dhoruba. Alama ni tanga la pembetatu lililopasuliwa katikati. Mwiko: kuhani haanzi safari wakati wa tangambili, upepo unapogeuka, mpaka apate ishara. Mpinzani ni mungu wa shwari, anayeviacha vyombo katikati ya maji. Wanaomwomba ni manahodha, lakini zaidi ni wake zao, na wafanyabiashara wenye mali njiani. Kuhani wa hivyo akifika mjini msimu wa kugeuka kwa upepo atakuta mstari wa watu mlangoni, na hapo mwongozaji ameshapata kikao kizima.

Tunashauri usichukue jina la Mungu anayeabudiwa leo, kama Ngai wa Wakikuyu au Enkai wa Wamaasai, ukampa nyanja na pointi. Aliyeketi upande wa pili wa meza anaweza kuwa na bibi anayemwomba kwa jina hilo kila asubuhi. Kubuni jina jipya kunachukua dakika tano. Litamke kwa sauti mara tatu kabla ya kuliandika. Likikwama ulimini, wenzako watalifupisha kufikia kikao cha pili, na hicho kifupisho ndicho kitakachobaki.